Sakafu ya zege ya kuanikia mahindi: ijenge mara moja, ikutumikie miaka mingi

 

Msimu wa mavuno ukikaribia, napokea swali moja kutoka kwa wakulima wengi: "Afisa, sakafu ya kuanikia inakula mifuko mingapi ya saruji?" Idadi ya mifuko nitaitaja hapa chini, na hesabu nitaiweka wazi. Ila kabla ya hapo naomba mlijue jambo moja. Sakafu nyingi ninazozikuta zimepasuka au zinamenyeka hazikukosa saruji. Zilikosa mambo matatu: udongo ulioshindiliwa vizuri chini yake, kipimo cha maji siku ya kumwaga zege, na maji ya kumwagilia wiki iliyofuata. Unakuta kijana ametumia mtaji wa msimu mzima kununua saruji na nondo, halafu kwenye mambo haya matatu, ambayo yanataka zaidi jasho na subira, akalegeza.

Katika kata ninayohudumia kuna kikundi kimoja cha vijana walijenga sakafu yao kwa saruji ya kutosha kabisa. Mvua za kwanza zilipokwisha, ilikuwa na nyufa tatu za kupitisha kidole. Tulipochimba pembeni tukakuta zege limelazwa juu ya udongo wa shambani, mabua na mizizi bado imo. Mabua yakaoza, udongo ukatitia, zege likabaki linaning'inia. Hapo hata ungeongeza mifuko kumi, lingepasuka tu.

Kwa nini uhangaike na zege

Mahindi yanayoanikwa kwenye ardhi tupu yanaokota unyevu, mchanga na vimelea vya kuvu vinavyoishi kwenye udongo. Kuvu hao ndio wanaotengeneza sumukuvu. Sisi wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara hatuhitaji kusimuliwa: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa hii miwili.

Na upande wa biashara pia. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini likaja sharti la mzigo kuwa na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Unyevu wa mahindi ya sokoni nao unatakiwa usizidi asilimia 13.5. Ukipeleka Kibaigwa mzigo mkavu, msafi, usio na mchanga, unaongea na mnunuzi ukiwa umesimama wima. Ukipeleka wenye unyevu, yeye ndiye anapanga bei.

Kwanza jiulize: unaihitaji kweli?

Kama shamba ni la kukodi mwaka mmoja mmoja, usijenge. Nunua maturubai mazuri, utahama nayo. Sakafu jenga kwenye ardhi yako, au ardhi ya kikundi yenye makubaliano ya maandishi.

Halafu pima ukubwa kwa mzigo wako. Tuchukue sakafu ya mita 10 kwa 10, yaani mita za mraba 100. Mahindi yaliyopukuchuliwa yaanikwe kwa kina kisichozidi sentimita 4. Hiyo ni mita za ujazo 4, karibu tani 2.8, sawa na magunia 28 ya kilo 100. Ukiwa na magunia 200, utaanika kama awamu saba. Awamu moja ikichukua siku tatu, ni wiki tatu. Kama huwezi kusubiri wiki tatu, ongeza ukubwa. Kama una magunia 40 tu, maturubai bado yanakutosha. Hesabu zote zinazofuata ni za mfano huu wa mita 10 kwa 10.

1. Udongo na msingi

Chagua sehemu ya juu kidogo, yenye jua tangu asubuhi, mbali na miti na zizi. Kama eneo ni mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, tafuta sehemu nyingine. Udongo ule unainua na kushusha sakafu kila mwaka, na hakuna nondo itakayouzuia.

Ondoa udongo wa juu wote, sentimita 15 hadi 20, pamoja na mizizi. Usiutupe, urudishe shambani. Sehemu yoyote laini ichimbe mpaka ufike pagumu.

Kisha jaza moramu. Usimwage yote kwa mkupuo; weka tabaka la sentimita 10 hivi, lowanisha kiasi, shindilia, ndipo uweke tabaka jingine. Ukipata mashine ya kushindilia ya kukodi ni vizuri sana. Usipopata, tumia gogo zito la kushindilia lenye mpini, vijana wapokezane. Moramu ya unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa ni mita za ujazo 15, hivyo agiza kama 20, maana inapungua ikibanwa.

Utajuaje imekaza? Kanyaga kwa kisigino cha buti kwa nguvu. Kisigino kikizama, bado. Chukua na kipande cha nondo ya milimita 12, kisukume kwa mkono sehemu mbalimbali. Kikiingia kirahisi mahali, pale pana tatizo.

Kuna mbinu ya kupunguza gharama ambayo mimi huipendekeza. Baada ya kuuza mazao, kati ya Septemba na Novemba, fanya kazi ya msingi peke yake: ondoa udongo, jaza, shindilia. Uache upigwe na mvua za masika. Palipo dhaifu patatitia patajionyesha, utajaza na kushindilia tena. Mwezi Mei mvua zikikata, unamwaga zege juu ya msingi uliotulia, na mahindi yakitoka shambani sakafu iko tayari. Fedha nayo unaitoa kwa awamu mbili badala ya moja.

2. Mteremko, kimo na nailoni

Maji yakisimama kwenye sakafu ya kuanikia, umejenga bwawa. Weka mteremko wa sentimita 1 hadi 1.5 kwa kila mita. Kwa mita 10, upande mmoja utakuwa juu ya mwingine kwa sentimita 10 hadi 15. Pima kwa bomba la maji la plastiki linaloonyesha, na kamba, macho yanadanganya. Mteremko uanze kwenye msingi wenyewe, ili zege liwe na unene ule ule kote.

Hata upande wa chini, uso wa sakafu uwe juu ya ardhi kwa sentimita 15 angalau. Upande mwinuko chimba mfereji wa kukata maji yanayotoka shambani.

Juu ya moramu tandaza mchanga mwembamba kuficha ncha za mawe, kisha nailoni nzito ya ujenzi, vipande vipishane sentimita 30. Mafundi wengi wanairuka wakisema ni ya nyumba tu. Kwa sakafu ya nafaka nailoni ni lazima. Zege linanyonya unyevu kutoka chini kama utambi wa taa, na ukianika juu yake mchana, usiku unarudishiwa maji. Nailoni pia inazuia msingi usinyonye maji ya zege bichi.

3. Unene, vipande na nondo

Kwa kazi ya watu, toroli, mkokoteni na pikipiki, sentimita 10 zinatosha, kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Pale ambapo trekta au gari la kubebea mazao litapanda, fanya sentimita 15 na mchanganyiko wa 1:2:3. Ukingo wote wa nje uongezee unene ufike sentimita 20, maana pembeni ndipo panapomeguka kwanza.

Zege likikauka linasinyaa. Ukimwaga mita 10 kwa 10 kama mkate mmoja, litajikata lenyewe mahali linapotaka. Kwa hiyo likate wewe. Gawa sakafu vipande vya mita 2.5 kwa 2.5, utapata vipande 16. Vimwage kwa kupishana kama ubao wa drafti: vyeusi vinane kwanza, na baada ya siku mbili hivi, mbao zikishatolewa, vile vyeupe vinane. Kati ya kipande na kipande weka ukanda wa nailoni ili visishikane. Ufa ukitaka kuja, utapita pale kwenye kiungo bila kuharibu sura wala kazi.

Tahadhari: mafundi wengi wanapaka oili chafu kwenye mbao ili zege lisigande. Kwenye sakafu ya chakula usikubali. Lowanisha mbao kwa maji au zivishe nailoni.

Na nondo? Kwa sakafu ya sentimita 10 isiyopandwa na magari, juu ya msingi mzuri, si lazima. Fedha hiyo ipeleke kwenye moramu na kushindilia. Ukiweka wavu wa chuma pale gari linapopita, uinue kwa vijiwe vya zege ukae karibu na uso, theluthi ya juu ya unene. Wavu uliolala chini kwenye nailoni ni fedha iliyozikwa.

4. Vifaa: mahesabu na ukaguzi

Mita za mraba 100 kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 10 za zege. Kwa 1:2:4 hiyo inakula mifuko 63 ya kilo 50. Ule ukingo mnene unaongeza kama mifuko 5. Jumla 68, weka na ya kumwagika, nunua 72. Mchanga mita za ujazo 5, kokoto mita za ujazo 10. Bei zinatofautiana kwa eneo, kwa hiyo chukua hesabu hii uende nayo dukani kwenu.

- Saruji: kwa zege chukua ya 42.5, ya 32.5 iache kwa lipu na kujengea. Mfuko ukiwa na mabonge magumu usiyovunjika kwa vidole, rudisha. Hifadhi juu ya mbao, mbali na ukuta.
- Mchanga: weka kwenye chupa ya kioo hadi sentimita 10, jaza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tope litatua juu ya mchanga. Likizidi milimita 6, mchanga huo ni mchafu, uoshe au utafute mwingine.
- Kokoto: za milimita 20, ngumu, zisizo na vumbi jingi.
- Maji: yale unayoweza kuyanywa. Ya chumvi hapana.

5. Kuchanganya: hapa ndipo sakafu nyingi zinapofia

Pima kwa ndoo. Koleo si kipimo, kwa sababu koleo la asubuhi na koleo la saa tisa mchana, mtu akishachoka, si sawa. Mfuko mmoja wa saruji ni kama lita 35. Kwa hiyo kwa mfuko mmoja: mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo saba, zote zikiwa zimejaa na kusawazishwa mdomoni.

Maji: lita 25 hadi 28 kwa mfuko. Mchanga ukiwa umeloa, punguza. Ukifika lita 30, simamisha.

Najua vijana wa zege watalalamika. Zege jepesi kama uji linasukumika chap chap, halichoshi mgongo. Lakini saruji inahitaji sehemu tu ya maji hayo. Yaliyozidi yatatoka kama mvuke na kuacha vitundu ndani, na vitundu ndivyo vinavyofanya uso utoe vumbi na kumeguka. Vumbi hilo litaingia kwenye mahindi yako kila ukifagia.

Kipimo cha haraka: jaza zege kwenye ndoo ndogo ya lita 10, chomachoma kwa fimbo ya nondo, igeuze chini taratibu na uinue ndoo. Zege lishuke kidogo na kubaki na umbo. Likishuka hadi nusu au likasambaa, maji yamezidi. Ongeza saruji, mchanga na kokoto kwa uwiano ule ule, usiongeze saruji peke yake.

Kuchanganya kwa mkono, fanyieni juu ya bati au sakafu safi: mchanga na saruji vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, kokoto, ndipo maji kidogo kidogo. Kipande kimoja cha kati kinakula karibu mifuko minne. Vijana sita wanaojituma wanaweza kumwaga vipande vinne kwa siku bila kulipua kazi, hivyo weka siku nne.

6. Kumwaga na kumalizia

Anzeni alfajiri. Jua la saa saba na upepo wa Dodoma vinakausha uso kabla ya tumbo. Lowanisheni kokoto zikiwa zimepata moto. Zege likishachanganywa na maji limwagwe ndani ya saa moja. Likianza kukaza usilirudishie maji.

Mwaga, sambaza kwa koleo, chomachoma na gonga kwa ubao mzito hasa kwenye kona na pembeni ili hewa itoke. Vuta ubao ulionyooka juu ya mbao za pembeni kusawazisha. Kisha subiri. Utaona maji yanapanda juu na uso unang'aa. Usiuguse. Yakishapotea na mng'ao ukaisha, ndipo usugue kwa ubao, halafu mwiko wa chuma mara moja.

Jambo moja mkatae kabisa: fundi kunyunyizia saruji kavu juu ya maji yale ili akaushe haraka na kupiga niru. Inapendeza siku ya kwanza. Mwaka wa pili ile ngozi inabanduka kama gamba. Niru ya kung'aa wacha ya sebuleni. Hapa tunataka uso laini wa kufagilika.

7. Kumwagilia: siku saba kwa uchache

Zege haligumu kwa kukauka. Linagumu kwa saruji kuendelea kufanya kazi na maji, na maji yakiisha mapema kazi inasimama. Huwezi kuja kuirudisha mwezi ujao.

Mara tu uso unapoweza kuguswa bila kuacha alama, funika kwa magunia yaliyoloa na nailoni juu yake. Au weka tuta dogo la udongo pembeni ya kipande na ujaze maji kidogo, ila pale penye mteremko magunia ni rahisi zaidi. Siku 7 usiruhusu pakauke hata mara moja. Ukiweza siku 14, bora zaidi. Kumwagilia asubuhi na jioni bila kufunika, kwa jua letu, hakutoshi. Na kazi hii ipewe mtu mmoja anayejulikana. Ikiwa ya kila mtu, siku ya tatu utakuta pamekauka.

Mahindi anza kuanika baada ya wiki tatu. Gari lisubiri siku 28.

8. Malipo ya fundi

Msimlipe fundi yote siku anayofuta mwiko. Kubalianeni kwa maandishi awamu nne: vifaa vya kazi na kuanza, msingi ukishakaguliwa kwa kisigino na nondo, zege likishamwagwa, na sehemu ya mwisho baada ya siku 14, magunia yakiondolewa na sakafu ikakaguliwa. Siku ya zege mmoja wenu akae kwenye ndoo ya maji kuanzia asubuhi hadi mwisho, na daftari. Hiyo ndiyo nafasi ya bosi siku hiyo.

Ukishaanza kutumia

Kabla ya kuanika mara ya kwanza, pima unyevu wa sakafu: tandaza kipande cha nailoni cha mita moja, bana pande zote kwa gundi ya karatasi, acha usiku mzima. Asubuhi ukikuta chini yake matone, sakafu bado ina maji. Iache ipate jua siku nyingine kadhaa.

Geuza mahindi kila saa moja au mbili. Jioni yakusanye na yafunike kwa turubai, umande usiyarudishe nyuma. Kwa kupima bila mashine, weka chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isiposhika, anika siku moja zaidi, halafu leta sampuli ipimwe kwa mashine kabla ya kufunga magunia, kwa sababu chupa haiwezi kukuonyesha ile 13.5.

Fagia viungo vyote kila baada ya awamu, maana punje zinazobaki humo ndizo zinazolea wadudu wa msimu ujao. Mwenye msingi anaotaka ukaguliwe kabla ya kumwaga zege aniite mapema, nikija nije na nondo yangu.

Nawatakia kazi njema na mavuno makavu.